Pedali Inayojua Kuachia

Mwaka 1895, mkazi wa kijiji cha Peace Dale, katika jimbo la Rhode Island nchini Marekani, alipewa hataza ya kitu ambacho waendesha baiskeli hawakuwa wamekiomba. Aliitwa Charles Hanson. Alikuwa amebuni pedali inayokamatana na kipande cha chuma kilichokazwa chini ya soli ya kiatu. Mpandaji anakanyaga, anageuza mguu kidogo, kiatu na pedali vinashikana. Akitaka kushuka anageuza tena. Hakuna kamba, hakuna mkanda, hakuna kuinama.

Wazo hilo ndilo lililo chini ya miguu ya waendeshaji wote wanaopanda milima ya Ufaransa kila mwezi Julai. Hata hivyo, tangu hataza ya Hanson itolewe hadi pedali ya namna hiyo iliposhinda Tour de France, ilipita miaka 90. Katika muda huo baiskeli ilipata gia, breki za waya na fremu za alumini, na mwendeshaji wake akaendelea kufunga mguu kwa mkanda wa ngozi wenye bizimu la chuma.

Ukiuliza sababu ya kuchelewa huko, wengi watataja ukaidi wa wanamichezo. Ukaidi ulikuwepo, tena mwingi. Lakini kulikuwa na kikwazo kikubwa zaidi. Kumfunga mtu kwenye chombo kinachokimbia si kazi. Kazi ni kumfungua: afunguke papo hapo anapotaka, bila kutumia mkono, na asifunguke hata kidogo wakati hataki. Kitendawili hicho kilihangaisha mafundi kwa karibu karne nzima, na aliyekitegua hakuwa fundi wa baiskeli.

Zama za miguu huru

Baiskeli ya kwanza haikuwa na pedali kabisa. Karl Drais alipoiendesha mjini Mannheim, Ujerumani, mwaka 1817, alikuwa ameketi juu ya magurudumu mawili ya mbao akijisukuma kwa kupiga ardhi kwa nyayo. Pedali zilikuja miaka ya 1860 jijini Paris, zikiwa zimekazwa moja kwa moja kwenye gurudumu la mbele. Fundi Mfaransa aliyehamia Marekani, Pierre Lallement, ndiye aliyepata hataza yake huko mwaka 1866.

Kwa kuwa pedali ilizunguka pamoja na gurudumu, njia pekee ya kuongeza kasi ilikuwa kulikuza gurudumu lenyewe. Katika miaka ya 1870 likakuzwa hata mpandaji akawa anaketi juu kuliko kichwa cha mtu aliyesimama. Kwenye mteremko pedali zilizunguka haraka kuliko miguu inavyoweza kufuata, hivyo waendeshaji waliiinua miguu yao na kuitupia juu ya usukani, wakamwachia Mungu yaliyobaki. Gurudumu likigonga jiwe, mtu hurushwa mbele kichwakichwa. Katika hali hiyo, ni nani angekubali kufungwa mguu? Mguu huru ulikuwa ndiyo bima ya maisha.

Mambo yalibadilika mwaka 1885, pale John Kemp Starley wa mji wa Coventry, Uingereza, alipotoa baiskeli ya Rover. Magurudumu yalikaribia kulingana na cheni ikapeleka nguvu nyuma. Mpandaji sasa alikaa chini, akaweza kutua mguu ardhini akisimama. Kuanguka kukawa kuchubuka, si kuvunjika shingo. Hapo ndipo wanamashindano walipoanza kuulizana jambo ambalo baba zao wasingelithubutu: tufanyeje mguu usiteleze kwenye pedali tunapokanyaga kwa nguvu zote?

Kikuku na mkanda

Jawabu lililokubalika halikuwa la Hanson. Lilikuwa kikuku cha chuma kilichopinda juu ya vidole, kikazuia kiatu kisipite mbele, na mkanda wa ngozi uliozunguka unyayo wote ukakazwa kwa bizimu. Baadaye ikaongezwa kliti, yaani bamba dogo lenye mfereji, lililopigiliwa misumari kwenye soli ili likae juu ya ukingo wa pedali. Mahali pa kulipigilia hapakupimwa kwa rula. Mwendeshaji alivaa viatu vipya, akaendesha hadi ukingo wa pedali ukaacha alama kwenye ngozi ya soli, kisha bamba likapigiliwa palepale penye alama. Akikosea kwa upana wa msumari mmoja, goti lingemkumbusha kila kilomita.

Kuondoka na vifaa hivyo kulitaka ustadi. Pedali yenye kikuku ilining'inia kichwa chini kwa sababu ya uzito wake, kwa hiyo ulianza kwa kuipiga teke kwa ncha ya kiatu igeuke, ukachomeka vidole kabla haijageuka tena, ukaendesha hatua chache, kisha ukainama na kuvuta mkanda. Kushuka kulidai yaleyale kinyumenyume. Ulinyoosha mkono hadi kwenye bizimu, ukalilegeza kwa kidole gumba, na hapo tu ndipo mguu ulipotoka. Wenye mbio za kasi walikaza mikanda karibu na mstari wa mwisho hadi damu ikashindwa kupita, na siku za baridi vidole vilikufa ganzi mapema sana.

Jina lililokaa kwenye vikuku vingi vya aina hiyo lilikuwa la Eugène Christophe, Mfaransa ambaye mwaka 1919 alikuwa wa kwanza kuvaa jezi ya njano ya anayeongoza Tour de France. Wapenzi wa mchezo wanamkumbuka zaidi kwa mkasa wa mwaka 1913. Akiteremka mlima Tourmalet, uma wa mbele wa baiskeli yake ulivunjika. Sheria ilikataza msaada wowote. Aliibeba baiskeli begani akatembea zaidi ya kilomita 10 hadi kijiji cha Sainte-Marie-de-Campan, akaingia kwa mhunzi, akauunga uma kwa mikono yake mwenyewe huku wasimamizi wakimtazama. Kwa kuwa kijana mmoja alimvutia mivukuto, aliongezewa dakika za adhabu.

Kisa hicho hupendwa kwa sababu ya ushupavu wake, ila kina jambo jingine. Mwendeshaji wa zama zile alikuwa mtu wa kutembea pia: barabara mbovu, vyuma dhaifu, hakuna gari la msaada. Kifaa chochote cha kuufunga mguu kilipaswa kumwachia kiatu cha kutembelea. Kikuku na mkanda vilitimiza sharti hilo, na baada ya miongo kadhaa vikawa mazoea. Mazoea yana taabu.

Mtu wa Milano

Cino Cinelli alijua anachokizungumzia. Alikuwa ameshinda mbio za Milano–San Remo mwaka 1943, na baada ya vita akafungua karakana Milano, ambako usukani na tandiko zenye jina lake zilikuja kuheshimiwa dunia nzima. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 akatoa pedali aliyoiita M71.

Ilikuwa kazi safi. Kliti ya plastiki iliingia kwenye pedali kwa kuserereka ndani ya reli, kisha kitenzo kidogo ubavuni kikasukumwa na kufunga. Mguu haukutikisika wala haukubanwa na mkanda. Tatizo lilikuwa kitenzo chenyewe: kilisukumwa kwa mkono, wakati wa kuingia na wakati wa kutoka. Mtu aliyeyumba kwenye kona, au aliyekutana na mbwa barabarani, hakuwa na mkono wa ziada wa kupeleka chini. Waendeshaji wakazipa pedali hizo majina ya kifo na kujiua, na zikabaki zaidi kwa watu wa viwanja vya duara ambako hakuna magari wala taa za kusimama.

Cinelli alikuwa amemaliza nusu ya kazi, ile nusu iliyokuwa rahisi.

Kutoka kwenye theluji

Nusu ya pili ilitoka Nevers, mji ulio kando ya mto Loire katikati ya Ufaransa, kwenye kampuni iliyoitwa Look. Kampuni hiyo haikuwa na historia ya baiskeli. Mwasisi wake, Jean Beyl, alijijengea jina tangu miaka ya 1950 kwa vifungio vya mbao za skii.

Skii zilikuwa na ugonjwa uleule, ila mkali zaidi. Mtu anayeteremka mlima wenye theluji lazima viatu vyake vishikane na zile mbao ndefu, vinginevyo hawezi kuziongoza. Akianguka, ubao mrefu hugeuka kama wenzo na kuusokota mguu, na mfupa wa muundi ndio unaolipa. Kifungio kizuri cha skii kwa hiyo ni mizani. Springi yake hukishika kiatu imara kwa nguvu za kawaida za mchezo, lakini msokoto ukizidi kiwango fulani, humwachia mtu kabla mfupa haujaachia.

Beyl na wenzake waliihamishia mizani hiyo kwenye pedali, na hapa ndipo akili ya kifaa ilipo. Mguu wa mwendesha baiskeli hukandamiza kwenda chini, huburuta kwenda nyuma, na mara nyingine huvuta kwenda juu. Kuna mwendo mmoja tu ambao kazi ya kuendesha haiuhitaji hata kidogo: kutupa kisigino nje. Basi pedali ikatengenezwa ikatae njia zote na ikubali hiyo moja. Kliti ya pembe tatu, iliyokazwa kwenye soli kwa bolti 3, iliingia kwa ncha yake ya mbele chini ya mdomo wa pedali. Ukikandamiza, sehemu ya nyuma ilisukuma taya yenye springi, taya ikarudi na kufunga. Ukivuta juu kwa nguvu zako zote, haitoki. Ukigeuza kisigino nje, inatoka bila kelele nyingi. Mkono haukutumika.

Pedali hiyo, PP65, iliingia sokoni mwaka 1984. Wakati huo Look ilikuwa mikononi mwa Bernard Tapie, mfanyabiashara aliyezoea kununua kampuni zinazoyumba na mwenye kipaji cha kujitangaza. Tapie alikuwa ameanzisha pia timu ya baiskeli, La Vie Claire, na nyota wake alikuwa Bernard Hinault.

Julai 1985

Hinault alikuwa na Tour 4 kibindoni, na kovu. Mwaka 1983 alipasuliwa goti, akaikosa Tour na kuachana na timu yake ya Renault. Mwaka 1984 alirudi na kushindwa na Laurent Fignon kwa zaidi ya dakika 10. Kwa mtu wa namna hiyo, kukubali kufungiwa miguu kwenye kifaa kipya hakukuwa tangazo la biashara pekee. Goti lililopasuliwa halisamehe kliti iliyokaa vibaya.

Mwaka 1985 alishinda Giro d'Italia, kisha akaenda Tour. Katika hatua iliyoishia Saint-Étienne alianguka, akavunjika pua, akavuka mstari uso ukiwa umejaa damu. Akaendelea hadi Paris na kumshinda mwenzake wa timu, Mmarekani Greg LeMond, kwa dakika 1 na sekunde 42. Ulikuwa ushindi wake wa 5, na tangu hapo hadi leo hajapatikana mwanamume mwingine wa Ufaransa aliyeshinda Tour. Mwaka uliofuata LeMond akashinda akiwa katika timu hiyohiyo. Baada ya hapo mabishano yakaisha haraka, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 kikuku kilikuwa kitu cha kutazamwa kwenye kundi la mbele.

Wachache walikawia. Mwairishi Sean Kelly, mmoja wa wababe wa mbio za siku moja, aliendelea na vikuku na mikanda miaka kadhaa baada ya wenzake wengi kuviacha, na hakuacha kushinda.

Jaribio la kwanza

Ushindi wa mabingwa ni jambo moja. Mtu wa kawaida aliyetoka dukani na boksi la pedali mpya ni jingine. Hatua zake zimekuwa zilezile tangu miaka ile, iwe Nevers au Nairobi. Kwanza kliti hukazwa chini ya pale dole gumba linapoungana na unyayo. Kisha fundi huchukua spana na kulegeza skrubu ya springi hadi karibu na mwisho. Mwanagenzi hukaa juu ya tandiko, mkono mmoja ukiegemea ukuta, anatafuta pedali kwa ncha ya kiatu bila kuangalia chini, anakandamiza: tak! Anageuza kisigino: tak! Anarudia hadi anaona anajua.

Kisha anatoka barabarani, na huko hakuna shida yoyote, mpaka pale anapotakiwa kusimama. Taa ikiwa nyekundu, mwili hukumbuka mazoea ya utotoni na kuuvuta mguu kando moja kwa moja. Pedali imefundishwa kukataa mwendo huo, nayo inakataa. Baiskeli imesimama, mguu haujatoka, na mtu analala polepole upande mmoja kama gogo, mbele ya abiria wa matatu wasiojua kujizuia kucheka. Kiwiko huchubuka kidogo, heshima zaidi. Karibu kila anayetumia pedali hizi amelipa kodi hiyo. Wajuzi humpa kanuni mbili: fungua mguu kabla hujasimama, usingoje usimame kwanza; na ukishaufungua mmoja, egemea upande huo.

Cha kutazama ni kwamba anguko la namna hii hutokea kasi ikiwa sifuri. Katika anguko la kasi mwili husokoteka wenyewe, na msokoto ndio ufunguo, kwa hiyo mara nyingi mguu huchomoka bila mtu kuamua. Mkanda wa ngozi uliokazwa haukutoa huruma hiyo.

Goti, tope na lugha nyingi

Pedali za mwanzo za Look zilikuwa na kasoro: ziliushika mguu ukiwa umenyooka upande mmoja bila kutikisika. Mwili wa binadamu hauko hivyo, kwani kisigino hucheza kidogo kila mzunguko. Waliokosea kukaza kliti wakaanza kuugua magoti. Beyl mwenyewe ndiye aliyelishughulikia hilo, safari hii kwenye kampuni mpya, Time, aliyoianzisha pamoja na Roland Cattin mwaka 1987. Pedali za Time ziliuachia mguu nafasi ya kucheza kabla ya kufika mahali pa kufunguka. Look nao wakatoa kliti zenye mchezo, nyeusi zikibaki kwa wanaotaka kushikwa kabisa na nyekundu kwa wanaotaka nafasi. Marekani, Richard Bryne wa Speedplay alikwenda mbali zaidi: aliihamisha springi kutoka kwenye pedali akaiweka kwenye kliti, pedali ikabaki kidude cha duara kinachokubali kiatu kutoka pande zote mbili.

Hatua iliyowafikia watu wengi ilitoka Japani. Mwaka 1990 Shimano ilitoa mfumo wa SPD kwa baiskeli za milimani. Kliti yake ni kipande kidogo cha chuma chenye bolti 2, kinachozama ndani ya soli ya mpira. Mvaaji anaweza kushuka, kupita kwenye tope, kuingia dukani akanunua maji, bila kutembea kwa visigino kama bata.

Kila kampuni ilijenga kufuli lake na ufunguo wake, na kiatu cha mmoja hakiingii kwa mwingine. Tarehe 14 Julai 2016 hilo lilionekana na dunia nzima. Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyejifunza mbio za baiskeli chini ya David Kinjah huko Kenya, alikuwa amevaa jezi ya njano ya Tour kwenye mlima Ventoux. Umati ulifunga barabara, pikipiki ikasimama ghafla, Richie Porte, Froome na Bauke Mollema wakaigonga. Baiskeli ya Froome ikaharibika na gari la timu likawa mbali nyuma. Akaanza kupanda mlima mbio kwa miguu, kliti zikigonga lami. Alipopewa baiskeli ya akiba isiyo ya timu yake, ilikuwa ndogo kwake na pedali zake hazikuoana na viatu vyake. Majaji baadaye walirekebisha muda wake, na akashinda Tour ile. Lakini kwa dakika chache bingwa alikuwa na baiskeli na asiweze kuiendesha sawasawa, kwa sababu ya kipande cha plastiki.

Kasi au amani?

Kwa miaka mingi pedali hizi ziliuzwa kwa ahadi ya nguvu: kwamba mguu ulioshikwa huvuta juu, na kuvuta huko huongeza kasi. Vipimo vya maabara vimeipunguza sana ahadi hiyo. Hata waendeshaji waliobobea, katika mwendo wa kawaida, hupata karibu nguvu yao yote kwa kukandamiza, na mguu unaopanda kazi yake kubwa ni kujiondolea uzito. Faida ya kweli ni utulivu. Mguu haurukiruki kwenye mashimo, hautelezi mvuani, na huwa palepale mzunguko baada ya mzunguko.

Ushahidi mwingine uko kwa wale waliokataa. Mwaustralia Sam Hill alitwaa ubingwa wa dunia wa kuteremka milima na baadaye mataji ya enduro ya 2017, 2018 na 2019 kwa pedali bapa, kiatu kikiwa huru kabisa. Huko Japani, mbio za keirin za kulipwa zimeng'ang'ania vikuku na mikanda, kwa sababu sheria zake hutaka vifaa vilivyoidhinishwa vinavyomweka kila mmoja sawa na mwenzake. Na Septemba 2025, Kigali ilipoandaa mashindano ya dunia ya barabarani kwa mara ya kwanza barani Afrika na Tadej Pogačar akatwaa ubingwa, viatu vyote kwenye kundi lile vilikuwa vimenaswa. Ilhali katika vilima vya nchi hiyohiyo, watu husafirisha ndizi na viazi kwa baiskeli za chuma zenye pedali za mpira, wakiwa na ndala miguuni. Anayesukuma mzigo mlimani na kushuka kila baada ya muda hana haja ya kufuli.

Kwa hiyo waliosema pedali ya kunasa ilishinda kwa sababu ya kasi wameitazama kwa upande mmoja. Kikuku nacho kilikuwa na kasi, kilibeba mabingwa kwa miongo. M71 nayo iliushika mguu imara kuliko zote. Iliyoyashinda hayo mawili ni ile iliyomhakikishia mtu kwamba mlango uko wazi, na ndipo akakubali kuingia. Ndiyo maana hadi leo fundi anayeijua kazi yake, akishakukazia pedali mpya, haanzi kukueleza utakimbia kiasi gani. Anakuambia uegemee ukuta, kisha anakufundisha kutoka.